Mkebe wa Katanga

Tulimwacha Daphrose amechuchumaa chini ya ng'ombe alfajiri, chombo cha kukamia kati ya magoti, na nyuma yake baba mkwe wake, mzee Kanamugire, ameinua fimbo. Wiki nzima fimbo hiyo imekaa hewani. Tuishushe, mzee wa watu asije akapata ugonjwa wa bega.

"Daphrose! Simama!"

Hakusimama.

"Hausikie? Nimesema simama!"

"Ngoja kidogo, Papa. Nikisimama sasa, Gaju atafunga maziwa."

Hebu litazameni jibu hilo. Mwanamke amefumaniwa katika kosa la kufukuzwa, fimbo iko juu ya kichwa chake, naye anafikiria titi la ng'ombe! Alikamua mpaka mwisho, akampapasa Gaju ubavuni, akamfungulia ndama anyonye mabaki. Ndipo akainuka, akampa mzee chombo kwa mikono miwili kama mkwe mwenye adabu.

Kanamugire akarudi nyuma, hakukigusa.

"Unataka kuua mwana wangu kule Katanga?" akasema, na fimbo ikashuka yenyewe kwa kukosa nguvu. "Leo tutaikaa baraza."

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa ajili ya kufungia sukari tu, nitaeleza haraka. Kanamugire ni mfugaji wa vilima vya juu ya Ngungu. Mwanawe wa pili, Makuza, alikwenda Katanga, kwenye migodi, kutafuta kazi, akaacha mke, huyu Daphrose, na mimba ambayo sasa ina miguu miwili na jina la Béata. Kwa wafugaji hawa mwanamke huosha vyombo vya maziwa, husukasuka siagi, hugawia watu, lakini haketi chini ya ng'ombe. Kukama ni kazi ya wanaume. Mwanamke akikama, wanasema, ng'ombe watakauka na mume atafia ugenini. Nani aliyeona mambo hayo yakitokea? Hakuna, ila kila mtu anamjua mtu aliyeona.

Na nyumba hiyo ilikuwa na mwanaume mmoja tu wa kukama, Rukara, kaka mkubwa wa Makuza. Likumbukeni jina hilo, na mkishalikumbuka temeni mate.

Umande ulipokauka, baraza likakaa sebuleni. Ndiyo, sebuleni! Mzee alikuwa na sebule siku hizi: mabati ya Makuza juu, simenti ya Makuza chini, na katikati watu waliokaa bure wakimngojea Makuza atume kingine. Tangu vitu vianze kuja na kamyo, yaani lori, nyumba hiyo haikulima hata kipande cha maharage. Kanamugire aliyevuka kutoka Rwanda kwa miguu, akichunga ng'ombe wake kwenye mvua, aliyekuwa akiamka kabla ya ndege, sasa alilala juu ya godoro la Katanga mpaka jua limpige usoni. Jioni alikaa barabarani akisikiliza kama kamyo inapanda. Ndiyo maana msimu mzima hakutia mguu zizini. Asubuhi ya leo aliamshwa na tumbo, si na akili.

Shahidi wa baraza alikuwa jirani mwenye mvi, Hakorimana. Alikuja mbio. Kilima chote hukimbia kikiitwa kwa Kanamugire, kwa sababu pale wageni hunyweshwa maziwa ya mkebe.

Maziwa ya mkebe! Nimeandika vizuri, mpiga chapa asinisahihishe. Makuza alituma mikebe ya maziwa mazito yenye sukari kwa ajili ya binti yake ambaye hajamwona. Béata aliyaonja mara moja, siku ya Pasaka. Mengine mzee aliyafungia sandukuni kwa wageni wa heshima. Mfugaji, mwenye ng'ombe nyuma ya nyumba yake, anajivunia maziwa ya dukani! Mimi nikimwona mtu wa namna hiyo huwa naangalia pembeni, nisije nikacheka na kugombana naye.

Tena mkebe wa kwanza ulipokwisha, mke wa mzee, Mukarugwiza, aliuosha na kuuweka ukutani chini ya msalaba. Ulikuwa na picha ya mwanamke wa kizungu, kitambaa cheupe kichwani, ameinama ubavuni mwa ng'ombe, na mbele ya magoti yake ndoo. Mukarugwiza akaamua kwamba huyo ni mtakatifu wa ng'ombe yuko katika sala, na ile ndoo ni ya maji ya baraka. Hakuna aliyemuuliza padri. Kila jioni familia nzima ilipiga magoti mbele ya mkebe huo na kusali rozari.

Haya, tuingie barazani.

"Hakorimana, muke wa Makuza nimemukuta chini ya ngombe," Kanamugire akaanza. "Na macho yangu! Anakamua."

"Yesu wangu!" Hakorimana akasema. Mkononi alikuwa na bakuli la maziwa mabichi aliyopewa na Mukarugwiza kama kitangulizi, akingoja mkebe ufunguliwe.

"Anarudi kwao leo, jua haiyazama."

Daphrose alikuwa ameketi chini karibu na mlango, Béata amelala mapajani mwake. "Na mutoto, Papa?"

"Mutoto iko wa Makuza. Mutoto anabakia."

Kufukuzwa Daphrose angekuvumilia. Hakuna mkwe asiyewahi kuota amefukuzwa. Lakini mtoto! Akamvuta Béata kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akaamka na kulalamika. Nyumba nzima hii, pamoja na mabati yake, kwake haikuwa na thamani ya unyayo mmoja wa Béata.

"Kama munanifukuza juu ya kukamua," akasema, "muniulize kwanza nilianza lini."

"Ulianza leo!"

"Apana. Nilianza na mvua ya kwanza."

Rukara, aliyesimama dirishani, akakohoa. Alikuwa amevaa kabuti la sufu lililotoka Katanga, jeusi, lenye vifungo vya kung'aa. Alilivaa kwenye jua, akalivaa kwenye misa, na nasikia alilala nalo.

"Muongo!" Kanamugire akafoka. "Ni Rukara njo anakamuaka. Juzi nilisema mbele ya bantu, mukono ya Rukara haina mwenzake, maziwa iko na povu sawa ya zamani."

"Ilikuwa mukono yangu, Papa. Asante."

Hakorimana alikuwa amejaza mashavu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta pa kutemea. Chini kulikuwa na simenti ya Katanga, iliyopigwa maji na kung'arishwa. Ikambidi ameze.

"Anasema bongo, uongo mutupu!" Rukara akaruka. "Mi nakamuaka kila siku, asubui na mangaribi!"

"Na kabuti?"

"Na kabuti! Siitoshake mwilini, kila muntu anajua."

"Vizuri. Papa, unuse ile kabuti. Muntu anakaa chini ya ngombe kila siku, nguo yake itanuka ngombe."

Kanamugire akasimama, akamshika mwanawe begani, akanusa kola, akanusa mkono, akanusa mfuko. Mfugaji huwezi kumdanganya pua. Kabuti halikuwa na harufu ya maziwa, wala ya samadi, wala ya manyoya. Lilinuka kasiksi, pombe ya ndizi ya kule sokoni, kuanzia kwapa hadi pindo.

"Na ngombe bawili benye balikauka," Daphrose akaendelea, kwa hasira iliyokaa siku nyingi, "balikauka juu ya kosa ya nani? Mi nilikuwa sijabagusa. Rukara alikuwa anabaacha na maziwa ndani ya matiti, anakimbia pombe. Gaju naye akaanza kulia. Na Béata analia na njaa. Njo maana nikakamata chombo."

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa mzee huyu ananichosha: aliumia. Wale ng'ombe wawili walizaliwa mkononi mwake, na alipoambiwa wamekauka aliamini ni kijicho cha majirani. Akakaa chini taratibu. Mukarugwiza alikuwa anaangalia simenti, haangalii mtu. Kila asubuhi maziwa yalipita mikononi mwake yakitoka kwa Daphrose. Nyinyi amueni kama alijua.

Lakini kiburi kikishaezekwa mabati hakivuji upesi. Mzee akainuka tena.

"Mumwange hii maziwa yote! Tuko na maziwa ya Katanga, yenye mwanamuke hajagusa. Mukarugwiza, lete mukebe!"

Mkebe ukaletwa. Na kabla haujatobolewa, mtu akabisha mlangoni.

Alikuwa Nzabandora, kijana wa kilima cha pili, aliyeondoka pamoja na Makuza na sasa mkataba wake umekwisha. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake, na begani alibeba mzigo umefungwa kamba. Walimrukia wote. Askofu mwenyewe hajawahi kupokelewa vile. Kiti kikaletwa, bakuli likaletwa, na Rukara akaanza kufungua kamba za mzigo kabla hata ya kumwambia mgeni karibu.

"Makuza anabasalimia sana," Nzabandora akasema. "Na kuko neno ingine amenituma, kubwa..."

"Neno inaweza ngoja," Rukara akamkata. "Kuko viatu?"

Hakukuwa na viatu. Kulikuwa na mikebe.

Sasa sikilizeni. Jioni zote hizo familia ikisali macho yamefumbwa, Daphrose alisali macho wazi. Aliusoma mkebe ule kama wengine wanavyosoma katekisimu. Akasema kwa upole kabisa:

"Kaka Nzabandora, unisaidie. Ule mwanamuke wa kwa mukebe, pale chini ya musalaba, kule Katanga munamuitaka mutakatifu gani?"

Nzabandora akatazama ukutani. Akacheka mpaka kiti kikalia.

"Mutakatifu? Ule? Ule iko mwanamuke wa Bulaya tu! Iko anakamua ngombe."

"Anasali!" Mukarugwiza akalia.

"Mama, angalia mukono. Vidole iko inashika titi. Na ndoo iko ya maziwa. Kule kwabo banamuke njo banakamuaka, na hii maziwa yote ya mukebe inatoka kule."

Mukarugwiza akafanya ishara ya msalaba, akakumbuka anaufanyia mkebe, akaikatisha katikati. Hakorimana akaweka bakuli chini kwa uangalifu mkubwa. Maziwa mabichi yamekamwa na mwanamke, maziwa ya mkebe yamekamwa na mwanamke, na mtu mzima wa watu alitoka kwake na kiu.

Mngedhani mambo yamekwisha. Hamjui Rukara.

"Bazungu ni bazungu!" akapiga kelele. "Sisi tuko nyumba ya muntu wa mashini! Ndugu yangu anaendesha mashini kubwa ya kuchimba, kilima yote inajua. Mi, kaka yake, nitaikaa chini ya ngombe sawa mutumishi?"

Nzabandora akakunja uso. "Mashini gani?"

"Ya Makuza."

"Makuza hajashika mashini hata siku moya. Tulipofika kule, bakatuuliza kila muntu anajua nini. Mi nikasema najua jembe, bakanitia chini ya udongo. Makuza akasema najua ngombe, bakamupeleka kwa direkteri, mukubwa wa kazi, iko na ngombe za maziwa nyuma ya nyumba yake." Akaonyesha kabuti kwa kidole. "Ile kabuti, hii simenti, manjanja ya juu ya nyumba, mikebe, yote iko mushahara ya kukamua."

Je, nani aliyesema mashine? Hakuna aliyetuma habari ya mashine. Kanamugire mwenyewe aliitamka Jumapili moja nje ya kanisa, mtu alipomuuliza mwanao anafanya nini. Neno lilimjia tamu, akalirudia, kilima kikalishika, na baada ya mwezi hata yeye akaliamini. Mwana amekwenda Katanga kukama ili kaka yake huku apate kabuti la kumzuia asikame! Nimeandika visa vingi katika safu hii, lakini upumbavu wenye mabati namna hiyo sijauona.

Rukara akatazama mikono ya kabuti lake. Halafu akafunga kifungo cha juu.

Na mzee? Mzee alifanya kile wanachofanya watu wa aina yake wakionyeshwa ukweli mchana kweupe. Akapiga fimbo kwenye simenti.

"Nimeshasema. Anarudi kwao. Mutoto anabakia."

"Papa Kanamugire," Nzabandora akaanza, "ile neno ya Makuza..."

"Nyamaza! Mukarugwiza, kamata mutoto!"

Daphrose alikuwa ameshatoka. Alimfunga Béata mgongoni, akafunga nguo zake katika kitenge, akaenda kuketi kwenye mlango wa ua, njia ya kushukia barabarani. Hakushuka, wala hakurudi. Mukarugwiza akamfuata ili amnyang'anye mtoto kama alivyoamriwa. Alipofika akasimama, akatazama fundo la kitambaa kifuani mwa mkwe wake, akaketi kando yake. Walikaa hivyo wawili, wakichambua mboga ambazo hakuna aliyewatuma wazichambue.

Jua likashuka. Gaju akaanza kulia.

Wafugaji wanakijua kilio hicho, na wasiofuga wamshukuru Mungu. Ni sauti nzito ya ng'ombe ambaye maziwa yamemjaa na kumuuma. Wa kwanza kwenda alikuwa Rukara, amesukumwa na baba yake. Akaingia zizini na kabuti na vifungo. Gaju akanusa kitu asichokijua, akatupa teke moja, na kabuti la Katanga likalala kwenye samadi likiwa na mtu ndani. Hatimaye likapata harufu yake.

Hakorimana akasema mgongo wake unamsumbua. Nzabandora akasema yeye ni mtu wa jembe. Kanamugire mwenyewe akaketi chini ya ng'ombe wake kwa mara ya kwanza baada ya misimu mingi, na vidole vikakataa. Vilikuwa vimekauka kwa kushika fimbo na bakuli. Vilitoka vitone, na Gaju akaendelea kulia, na mzee akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akanong'ona majina yake ya sifa, yale aliyompa alipokuwa ndama. Kesho kiwele kitavimba. Kesho kutwa atakuwa amekauka kama wale wawili, na zizi litakuwa la mapambo.

Akatoka. Akaenda kwenye kisima cha uani, akanawa mikono, akakiosha chombo mwenyewe, kazi ya wanawake, mbele ya macho ya kila mtu. Akakichukua kwa mikono miwili mpaka mlango wa ua.

"Daphrose."

"Papa."

"Gaju iko analia."

"Namusikia."

"Uende kumukamua."

"Mi niko mwanamuke, Papa."

Mzee akatazama njiani. Majirani walikuwa wamesimama kwenye njia, kwani kilio cha ng'ombe huita watu kama ngoma.

"Na nani," akasema Kanamugire, uso mkavu kabisa, "nani alikukatazaka?"

Mukarugwiza akaficha kicheko katika mboga. Daphrose hakucheka. Hakupokea chombo pia.

"Béata iko wa nani, Papa?"

"Wa Makuza."

Gaju akalia tena, kwa muda mrefu. Mzee akafumba macho.

"Na iko wako," akasema. "Mwenye kumunyanganya kwako hayuko. Nimesema, na hawa bote banasikia."

Ndipo Daphrose akapokea chombo. Hakungoja giza, hakujificha nyuma ya zizi. Akamtoa Gaju nje uani, akamleta ndama aamshe maziwa, akamfunga kando. Akachuchumaa na Béata mgongoni mwake, na mlio wa maziwa ndani ya chombo ukasikika mpaka njiani. Povu likapanda. Kanamugire alisimama akisikiliza, na nasikitika kuwaambia kwamba machozi yalimtoka. Kwa ajili ya ng'ombe, bila shaka.

"Basi sasa naweza sema ile neno?" Nzabandora akauliza.

Hakuna aliyemkataza.

"Direkteri ameongeza ngombe. Anataka mukamuaji wa pili, na Makuza amemuambia atamuleta kutoka kwabo. Nyumba iko, chakula iko. Kamyo inatoka Sake siku ya posho, Jumamosi, na nafasi iko ya muntu moya tu. Makuza amesema, ulete Rukara." Akamtazama Rukara aliyekuwa bado anafuta samadi magotini, kisha akamtazama mwanamke chini ya ng'ombe. "Lakini Makuza amesema tena, ukikuta mwingine anamupita Rukara mukono, ulete ule."

Kanamugire akageuka haraka kumtazama mkwe wake. Rukara, kwa mara ya kwanza tangu kabuti lifike kutoka Katanga, akaanza kulifungua vifungo.

Na Daphrose, ambaye alfajiri hakusimamishwa na fimbo, mikono yake ikasimama katikati ya kukama. Gaju akageuza kichwa kumtazama. Mgongoni, Béata akauliza kama maziwa yamekwisha.